Kompyuta Iliyovishwa Blanketi

Posta ya Kakamega ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi siku hiyo ya mwisho wa mwezi, na kila aliyepanga foleni alikuwa amekwisha kuijua shida ya Beldina.

Hakuna aliyempeleleza. Mwenyewe alikuwa akiitangaza kutoka ndani ya kibanda cha simu, kidole kimoja sikioni, mkono wa pili umeukaba mkonga wa simu.

"Andati! Unanisikia? Nasema herufi zinaanguka! Hapana, si za barua, za kompyuta! Naandika mstari, nageuka kidogo tu, zinaporomoka moja moja mpaka chini ya kioo. Sijaiharibu! Nimeipanguza vumbi tu!"

Andati alikuwa kaka yake, karani huko Nairobi. Ofisi yao iliponunua mashine mpya, yeye akaiomba ile kuukuu na kuituma nyumbani, na Beldina akawa anachapa mitihani ya shule na programu za harusi pale pale sebuleni kwao, mtaa wa Amalemba. Sasa Andati alikuwa anamwambia kwamba ni virusi, na kabla hajamwambia dawa yake, simu ikakatika.

Beldina akatoka kibandani. Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, nywele amezisuka mistari myembamba, na machozi yalikuwa karibu. Mama mmoja kwenye foleni akampa pole kama mtu aliyefiwa.

"Samahani, dada. Zinaangukanga kwa kasi au pole pole?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, na bahasha kwapani.

"Pole pole," Beldina akasema. Kisha, kwa vile ukweli ulikuwa umemkaa kooni siku tatu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nikikwambia kweli, inapendeza kutazama. Kama majani ya mti yakidondoka."

Kijana akacheka, si kwa kejeli. "Basi hao ndio wabaya. Wanakuja na sura nzuri."

"Na wewe ni nani hata uwajue wabaya?"

"Cleophas Osundwa, wa Butere. Nafundisha kompyuta hapo mtaa wa pili, juu ya duka la viatu. Dawa ninayo."

"Bei gani?"

"Chai. Na usininyime sukari."

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, na mvua za El Niño zilikuwa zimetutia adabu sote. Cleophas alifika Amalemba Jumamosi na matope hadi kwenye ndimi za viatu. Mama Teresa, mamake Beldina, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akamsimamisha mlangoni.

"Viatu, mwanangu. Si unajua virusi hupanda na viatu?"

Siku hizo mji mzima uliamini hivyo. Hata kwenye chuo cha Cleophas wanafunzi waliacha viatu nje, vikapangwa foleni ukumbini. Alijua fika kwamba viatu huleta vumbi tu, lakini hakubisha. Alivua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachungulia kwenye tundu la soksi, Beldina akakiona, akauma mdomo asicheke.

Cleophas akaingiza diski yake, mashine ikanguruma, na baada ya nusu saa herufi zikatulia mahali pake.

"Sasa sikiliza masharti," akasema. "Diski ya mteja isiingie humu kabla haijapimwa. Yako ukishaandika, sukuma hiki kidirisha, mtu asiweze kuiandika tena. Usiwashe mashine diski ikiwa ndani. Na nakala, Beldina. Mbili. Moja usiiweke nyumba hii."

"Na wewe mpimaji, nani atakupima?"

"Mimi ni msafi. Naapa, hakuna kichafu kitakachoingia humu kwa mkono wangu."

Alisema hivyo akimtazama machoni, na Beldina akajikuta ameyashika maneno hayo na kuyaweka ndani kabisa, mahali ambapo hakuna diski ingeyafikia.

Akawa anakuja kila Jumamosi kuipima mashine isiyoumwa. Mvua ya Kakamega haikosi miadi. Saa nane inatanda, saa tisa inamwagika, na chini ya mabati ya nyumba ile hakuna mazungumzo yanayowezekana. Basi walikaa bega kwa bega wakitazama kioo. Kompyuta ikiachwa bila kuguswa ilijaza kioo nyota ndogo nyeupe, zikawajia kutoka gizani, zikapita, zikaja nyingine. Harufu ya udongo uliolowa iliingia dirishani pamoja na harufu ya majani chai. Beldina alihisi nyumba nzima, na viti vyake na mama yake, imeng'oka Amalemba na kuelea polepole kuelekea mahali asipopajua, na hakuogopa hata kidogo. Alikuwa amependa. Mvua ilipopungua Cleophas alimwinamia sikioni, "Beldi, hizi nyota sijui zinatupeleka wapi," naye akamjibu, "Popote, bora pawe na chai."

Mama Teresa hakuwa kipofu. Katika nyumba ambayo kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, redio ina chake na chupa ya chai ina chake, aliona aibu kwamba mashine ya mwanawe ilikaa uchi, ikingoja virusi. Akafuma wiki tatu. Kilipokwisha kilikuwa vazi kamili, maua ya manjano kwenye uzi mweupe, la kioo na la lile sanduku linalokaa chini yake. Na kwa kuwa alitaka kazi ya uhakika, ndani akatia bitana ya blanketi.

"Nimemshonea mtoto wenu nguo," akasema, akiwatazama wote wawili. Cleophas aliinamisha kichwa kwa furaha. Hakuna mama anayemfumia mgeni wa kupita.

Wiki iliyofuata kompyuta ikaanza kuzimia. Ilifanya kazi saa moja, ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Beldina alikuwa anachapa mitihani ya darasa la nane ya shule moja ya Shinyalu. Kurasa kumi na moja zikapotea, akaanza upya, zikapotea tena. Mwalimu mkuu akaja, akachukua karatasi zake, akampelekea mtu mwingine. Cleophas alipokuja Jumamosi, Mama Teresa alikuwa ameketi kando ya mashine na sindano yake ya kufumia, akianza kitambaa cha kibodi.

"Kijana," mama akasema, "hii kitu ilikuwa nzima. Imeanza kuugua baada ya ile diski yako."

Cleophas akaweka kiganja juu ya blanketi, akakiondoa upesi. Akainua pindo la nyuma.

"Usifunue, mwanangu, vumbi litaingia."

Akalishusha. Akayatazama yale maua ya manjano kitambo kirefu, akaitazama mikono ya mama inayofuma, mwishowe akazitazama soksi zake.

"Basi ni mimi, mama. Nisameheni."

Beldina akasimama. "Ni wewe? Wewe uliyeniapia?"

"Ni mimi, Beldi."

"Umetia diski za wanafunzi wako humu bila kuzipima?"

Akachukua diski yake, akaitia mfukoni.

"Jibu, Cleophas!"

"Sema hivyo tu," akajibu, akaenda kutafuta viatu vyake.

Siku ya tatu akapiga simu kwenye duka la jirani, na Beldina akaitwa.

"Mpenzi, nisikilize. Kuna jambo nataka kukwambia, lakini uniahidi halitafika kwa mama."

"Siri tena? Umeniharibia kazi, sasa unataka unigombanishe na mama yangu?"

"Sivyo. Nimepata kazi Eldoret, naanza tarehe mosi, na kabla sijaenda..."

"Enda," Beldina akasema, akarudisha mkonga mahali pake. Mwenye duka akajifanya anahesabu vibiriti.

Alilia kwa zamu, asubuhi jikoni na jioni kitandani. Uchungu haukuwa wa kurasa. Mtu aliyemwapia akimtazama machoni alikuwa mwongo, na yeye bado alisikia hatua zake kila mvua ilipoanza.

Mwisho wa mwezi Mama Teresa akalifua lile vazi la kompyuta. Akalianika, mvua ikalinyeshea. Akaliingiza ndani, kesho yake akalitoa, likanyeshewa tena. Blanketi likilowa Kakamega si jambo la siku moja. Siku nne mashine ikakaa uchi, na siku nne Beldina akachapa kutoka asubuhi hadi jioni, programu ya harusi na kumbukumbu za mikutano ya kanisa, isizimie hata mara moja. Alifikiri virusi vimechoka vyenyewe. Siku ya tano vazi likakauka, mama akalivisha kwa mikono yake, na kabla ya saa sita kioo kikawa cheusi.

Beldina akaketi. Akapenyeza mkono chini ya blanketi na kuutoa kwa kelele. Sanduku lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Hapo akakiona tena akilini kiganja cha Cleophas kikiondoka upesi. Hakuleta virusi wala uchafu. Alilijua jibu tangu dakika ile, lakini mwenye kitambaa alikuwa ameketi hapo hapo, na huko kwao Butere kama huku, mtu anayenuia kuoa hamsahihishi mama mkwe. Hata kiti chake hakikalii.

"Mama," akaita. "Njoo uguse."

Mama Teresa akagusa. Akaivua mashine mwenyewe, polepole, akalikunja blanketi mapajani.

"Alijua?"

"Alijua, mama."

"Akasema ni yeye."

"Akasema ni yeye."

Mama akapitisha kidole juu ya ua moja la manjano. "Wiki tatu nimefuma," akasema, "na mwezi mzima nimemwita mtoto wa watu mchafu. Si ulisema Eldoret anaanza tarehe mosi? Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Basi bado unakaa hapa kufanya nini?"

Beldina akapanda ngazi za chuo kile kwa gauni lililolowa. Ukumbini viatu vilikuwa vimepangwa jozi jozi. Akavipita, akaingia na vyake vyote vya matope mpaka mbele ya darasa, wanafunzi ishirini wakashika vichwa.

"Dada, viatu!" mmoja akalia.

"Havina virusi," Beldina akasema. "Muulizeni mwalimu wenu. Anajuanga mambo mengi asiyosema."

Cleophas akamtoa hadi ukumbini. Alikuwa amekonda. "Umegundua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu. Ukakata simu."

"Ulitaka nimfiche mama!"

"Nilitaka mama asiaibike. Wajomba zangu wakija kubisha hodi, angekumbuka kwamba mimi ndiye niliyeidharau kazi ya mikono yake."

"Ukaona afadhali nikuchukie mimi."

Cleophas akaegemea ukuta. "Hilo sikulipima," akasema. "Nisamehe, Beldi. Hilo ndilo kosa langu kweli."

"Mimi pia nisamehe. Nilikwambia enda, na moyo ulikuwa unasema kaa." Akafuta macho kwa kiganja. "Mama amesema wajomba zako waje Jumamosi. Eldoret wangoje siku mbili."

Jumamosi wakaja wazee watatu kutoka Butere. Kiongozi wao alikuwa Mzee Barnaba, mjomba mkubwa, mwenye kofia asiyoivua. Andati alikuwa amesafiri usiku kucha kukaa mahali pa baba yao. Beldina alivaa kitenge cha zambarau, Cleophas akawa na koti la kuazima, mabega yamemzidi. Wakala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, wakasifia mvua, wakailaumu mvua, na Mzee Barnaba akazungusha macho sebuleni.

"Nyumba yenye mikono mizuri," akasema. "Kila kitu kimevikwa. Ila hicho kioo pale, mbona kimeachwa uchi?"

Cleophas akaitazama sahani yake.

Mama Teresa akaweka kikombe chini. "Nilikivisha mimi, wazee wangu. Blanketi. Kikaungua kwa joto, nikamsingizia kijana wenu kwamba ameleta ugonjwa. Alijua kosa ni langu, akalibeba mbele ya msichana anayempenda, akalipoteza penzi lake mwezi mzima. Nasema mbele yenu wote ili lisibaki mgongoni kwake. Amenisamehe?"

"Mama, hata..." Cleophas alianza, kisha akaitikia kwa kichwa tu.

Mzee Barnaba akaivua kofia.

Andati akakohoa, akamgeukia dada yake. "Beldina, hawa watu unawajua? Tuwapokee, au waende na kuku wetu tumboni?"

Desturi ni msichana kujibu kwa neno moja na kukimbilia jikoni. Beldina akabaki amesimama.

"Namjua. Lakini nina sharti."

Wazee wakatazamana. "Aseme," Barnaba akasema.

"Akijua jambo, aniambie mimi. Likiwa la mama, aniambie. Likiwa baya, aniambie. Sitaki mtu wa kunilinda kimya kimya. Heshima yake nzuri imeniliza mwezi."

Cleophas akasimama katika lile koti la kuazima. "Nimekubali. Na naanza sasa hivi. Nyumba niliyopata Eldoret inavuja."

Andati akapasuka kicheko. Mama Teresa akaficha uso kwa leso. Beldina hakucheka.

"Inavuja wapi?"

"Chumbani. Juu ya kitanda."

Akamtazama kitambo, mvua ya saa tisa ikianza kugonga mabati, kisha akamgeukia kaka yake.

"Wapokeeni," akasema.