Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipita masjala kumsubiri mama yake. Jina hilo alipewa na makarani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali ya jimbo: alipokea majalada, akayaorodhesha na kuyapanga kwenye rafu zilizofika darini. Chiriku alifanyia kazi zake za shule kwenye meza ya pembeni, karibu na rundo la madaftari ya zamani yaliyosubiri kukaguliwa.

Mkuu wa masjala walimwita Bwana Kanuni, asipokuwepo. "Karatasi ya serikali haichanwi, haichomwi, haitoki mlangoni bila kibali cha maandishi," alizoea kusema, na nyuma yake makarani wakamfuatisha kwa midomo bila sauti, wakicheka chinichini.

Siku moja mwalimu aliwaagiza wanafunzi wachore ramani kwenye karatasi kubwa na ngumu. Chiriku hakuwa nayo. Kwenye rundo lile akaona daftari pana lililojaa vumbi, kurasa zake zimeandikwa upande mmoja tu.

"Hili ni la kutupwa," alijiambia. Mama alipopanda ghorofani, akachana ukurasa mmoja na kuutia mkobani. Nyumbani aliupunguza chini kwa mkasi ili ramani ikae vizuri. Kipande alichokata kikaishia motoni. Ramani ilipata alama za juu, ikabandikwa ukutani darasani.

Wiki tatu baadaye, alimkuta mshonaji mmoja masjala, pini bado zimechomekwa kwenye kola yake, akizungumza na mama.

"Mwanangu alikufa kwenye mafuriko, miaka tisa iliyopita," mshonaji alisema. "Mimi nilikuwa hospitalini, sijitambui. Majirani walitaja jina lake, akazikwa na serikali pamoja na wengine. Nilipopona, dada yangu alinichukua mbali. Sasa ndiyo nimepata nguvu ya kurudi. Makaburi yana namba tu, na namba yake wanasema iko kwenye daftari lenu, ukurasa wa arobaini na moja."

Mama alilichukua daftari pana, akafunua. Arobaini. Arobaini na mbili. Akarudi nyuma, akafunua tena.

Bwana Kanuni aliitwa. "Daftari hili liko chini ya nani?"

"Chini yangu, mzee."

"Basi wewe ndiye utakayejibu. Nakupa siku tatu. Ukurasa usipopatikana, nitalazimika kukusimamisha kazi."

Jioni ile mama hakugusa chakula.

"Mama, labda ni panya," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Panya gani anachagua ukurasa mmoja?"

Kesho yake mshonaji alikuwa amekaa kwenye benchi tena, viatu vimejaa udongo. "Nimetoka makaburini," alimwambia mama. "Yako mia moja na kumi. Nimeyasalimu yote, maana sijui lipi ni lake."

Chiriku hakupata usingizi. Asubuhi ya siku ya tatu alimweleza mwalimu kila kitu, akabandua ramani, wakaongozana hadi masjala.

"Mama, ni mimi," alisema mbele ya watu wote, akilia. "Niliuchana mimi."

Mama aliigeuza ramani, akampa mkuu wake. Bwana Kanuni alivaa miwani, akateremsha kidole polepole. "Huyu hapa. Namba sitini na nane."

"Isome tena," mshonaji aliomba.

Akaisoma tena. Mshonaji alijifunika uso kwa kanga, akalia, na mama akamshika bega mpaka alipotulia. Kisha mshonaji akaenda zake makaburini, peke yake.

Lakini Bwana Kanuni alikuwa bado anahesabu. "Kila ukurasa una mistari ishirini na mitano, kila mstari marehemu mmoja. Hapa ipo ishirini na mmoja. Wanne wako wapi?"

"Nilikata kipande," Chiriku alinong'ona. "Kimeungua."

Bwana Kanuni aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba mistari minne imepotea, akaweka tarehe na sahihi. Mama akapewa onyo la maandishi, akalipokea kwa mikono miwili.

"Mama yako hatasimamishwa kazi, kwa kuwa umesema kweli," Bwana Kanuni alimwambia Chiriku. Hakupandisha sauti. "Ila ukweli wako umechelewa kwa watu wanne. Marehemu hawezi kuja hapa kujieleza, mwanangu. Karatasi ndiyo inayomsemea. Siku ndugu zao wakifika, itabidi mimi niwaambie kwamba hatujui. Kwa hiyo usichukue cha umma eti kwa sababu hukumwona mwenyewe. Mwenyewe yupo. Yuko njiani anakuja."