Nimetafuta Dawa ya Mama Yako

Hapana, si kanisani. Nani alikudanganya? Walikutana kwa kemisti, hapo mjini Eldoret, siku ya mvua, watu wamejaa mpaka mlangoni na nusu yao hawaumwi kitu, wanajikinga tu.

Kipngetich alikuwa ametoka Moi's Bridge na gumboots zake, makapi ya mahindi bado kwa nywele, kununulia mamake dawa ya presha. Karatasi ya daktari aliisahau nyumbani. Alikuja na jina kwa mdomo, na hilo jina lilikuwa limeharibika njiani.

"Ni ile… enalapuri."

Msichana wa kaunta, Nabwire, koti jeupe limepigwa pasi vizuri, hakucheka. Akachukua simu akaanza kuandika.

"Madam, mimi naongea, wewe unachat na bwana yako?"

"Ni dawa yako naangalia. Kuna tovuti ya madawa, na majina yanafanana sana. Nikikupatia ya kubahatisha, ni mama atalala hospitali. Ambia watu wa nyumbani watume picha ya pakiti."

"Simu yangu ni ya tochi. Haishiki picha."

"Basi watume kwa yangu," akamwandikia namba.

Kumbe simu nzuri alikuwa nayo kwa mfuko mwingine, ameizima. Huyo kijana.

Picha ilikuja, dawa ikapatikana, na namba haikurudishwa. Ikawa ni kupigiana kila jioni.

"Umekula, mheshimiwa wa mahindi?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali, daktari wangu?"

"Mimi si daktari. Na wacha uongo, nasikia unatafuna."

Siku moja Nabwire akasikia mtu anakohoa nyuma ya hayo maneno.

"Nani huyo?"

"Mama. Kikohozi kikavu, hakiishi. Kilianza juzi juzi na hizo tembe."

Nabwire akaaga haraka, akaingia kwa tovuti yake. Kesho yake akapiga tena. Kipngetich alikuwa anakamua, mikono imejaa maziwa, simu ameiweka juu ya posti ya boma, spika imefunguliwa. Na mamake, Mama Jerop, ndio huyo anakuja na kibuyu.

"Sweetie," simu ikasema, "nimetafuta dawa ya mama yako siku nzima. Nimeipata."

Mama hakungoja mengine. Aligeuka na kibuyu chake. Kwa hivyo hakusikia Nabwire akiendelea: "Kwa tovuti wameandika inaweza kuleta hicho kikohozi. Mpeleke kwa daktari abadilishiwe. Lakini asiiache mwenyewe."

Jioni mama akasema, "Huyo msichana ananitafutia dawa. Na ameipata."

"Mama, ni mambo ya hospitali."

"Mtu hutafutiwa dawa kwa uzuri? Na hizi tembe pia zimetoka kwa mkono wake. Sizimezi tena."

Na hakumeza. Kichwa kikaanza kumgonga, akawa anashika ukuta akiamka. Kipngetich, kwa kuchanganyikiwa, akafanya ujinga: akampigia Nabwire.

"Niambie tu ukweli. Hiyo dawa ulikuwa unatafuta… ni ya hospitali tu?"



"Kipngetich, unaniuliza kama naroga mama yako?"

Akakata. Ukipiga, haishikwi.

Ikabidi kijana arudi mjini, shati ya kanisa, viatu vya kung'aa, akasimama kwa foleni kama mgonjwa. Watu wote masikio wazi.

"Unataka nini?" Nabwire akamuuliza bila kumwangalia.

"Dawa ya mtu mjinga."

"Hiyo bado haiko kwa tovuti."

"Basi nitakaa hapa nikingoja waitengeneze." Sauti ikashuka. "Nilikosa, mrembo wangu. Na mama amewacha tembe. Naogopa."

Hapo ndio Nabwire aliinua macho. "Amewacha? Toka lini? Si ungeanza na hiyo."

Siku hiyo hiyo wakaenda Moi's Bridge, Nabwire amebeba kuku hai wa zawadi, amemnunua njiani. Mama Jerop aliwaangalia kutoka kwa kiti.

"Nionyeshe hiyo mahali ulinitafutia dawa."

Nabwire akapiga magoti, akampatia simu. "Andika mwenyewe, mama. Jina liko kwa pakiti."

Mama akaandika polepole, herufi kwa herufi. Ukurasa ukafunguka. Nabwire akamtafsiria: presha… kizunguzungu… kikohozi kikavu kisichoisha.

Mama akatoa miwani. "Hii kitu imejuaje nakohoa?"

"Si wewe peke yako, mama. Wengi hukohoa nayo. Na hapa wanasema usiiache bila daktari."

Mama akashika ukuta, akasimama. Halafu akasema, "Nipeleke."

Wakampeleka hospitali ya misheni, Plateau. Daktari akampima, akambadilishia, na kikohozi kikaisha polepole.

Jumapili moja Nabwire akaja tena, kitenge cha manjano, akaingia jikoni bila kuulizwa, akaanza kumpika yule kuku wake. Kipngetich akakaa karibu na mamake.

"Mama, nataka kumwoa."

Mama akageuza kichwa upande wa jikoni. Akanusa ile harufu ya kuku, akaita:

"Nabwire, msichana yangu. Dawa yangu iko jikoni?"

"Iko, mama. Inachemka."

"Basi ilete. Na wewe, Kipngetich, songa huko, bibi yako apate mahali."

Wakanawa mikono, wakaomba, wakakaa wote kukula.