Nani Amtembeze Mama

Kila asubuhi Kijino aliwasha jiko, akabandika maji ya chai, akafagia ua na kuosha vyombo vya jana. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake, dereva wa lori la mchanga, kwa sababu ya jino lake la mbele lililolipanda jingine. Asubuhi hiyo alikuwa bado anasugua sufuria aliposikia sauti ya mama kutoka chumbani.

"Nesi, umeamka, mwanangu?"

Mwanangu! Kijino alilisugua lile sufuria mpaka majivu yakamrukia usoni.

Mama alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na mitano aliinamia cherehani kutwa, mpaka mgongo ukasema basi. Visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo wake vilichomoza vikabana mishipa ya fahamu, na mguu wa kushoto ukawa mara unawaka moto, mara unakufa ganzi. Dawa hazikufua dafu. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na masharti mengi kuliko vidonge: asiiname, asijipinde, asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai, atembee kidogo kidogo kila siku, na asiketi zaidi ya dakika ishirini mfululizo.

Nesi alikuwa binti wa mama mkubwa, yaani dada yake mama. Alikuwa na miaka kumi na minne, mpole, asiye na papara, naye alikuja likizo kusaidia. Siku mama alipotoka hospitali, Kijino ndiye aliyekimbilia kumwinua kitandani. Alimshika mikono yote miwili akamvuta kama anayevuta ndoo kisimani. Mama alipiga ukelele uliowaleta majirani. Ndipo Nesi, aliyekuwa amemsikiliza vizuri mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akasogea taratibu. "Mama mdogo, kunja magoti. Geuka ubavu, mwili wote kwa pamoja. Shusha miguu. Sasa jisukume kwa kiwiko." Mama akaketi bila hata kuguna. Toka siku hiyo akaitwa Nesi, na baba akatoa amri: "Kijino, wewe shughulika na jiko. Mama mwachie mwenzako."

Basi Kijino akabaki na jiko. Nesi alilala chumbani kwa mama, kwenye godoro lililotandikwa chini. Nesi alimtembeza mama jioni hadi kwenye duka la dawa na kurudi, mkono wa mama ukiwa begani kwake. Siku moja jirani aliwasimamisha akasema, "Hongera, umejaliwa binti mlezi." Kijino alikuwa langoni na ndoo ya maji kichwani. Alingoja mama aseme kwamba huyo si bintiye. Mama alitabasamu tu, akasema, "Nashukuru kwa kweli." Toka hapo langoni hadi jikoni, maji aliyoyamwaga Kijino yalizidi aliyoyafikisha.

Asubuhi hiyo mama aliomba kushona vifungo vya mashati ya wanafunzi kwa mkono. Nesi alimwekea kiti chenye mgongo ulionyooka na mto mdogo kiunoni, akatega saa ya mezani ilie baada ya dakika ishirini. "Ikilia usimame, mama mdogo. Mimi naenda kufua mashuka nyuma ya nyumba."

Kijino aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa ameichuja vizuri, akaweka sukari kama mama apendavyo.

"Asante," mama alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Nesi kaenda wapi?"

Kijino aligeuka atoke. Alipopita mezani, kidole chake kilibonyeza kitufe cha kengele ya ile saa, kengele ikazimika. Alitaka kitu kimoja tu: Nesi akaripiwe angalau mara moja, waone kwamba hata yeye hukosea.

Alikaa jikoni akimenya viazi. Dakika ishirini zikapita, kisha arobaini. Mama akishika kazi husahau hata jina lake. Mara mbili Kijino aliinuka aende kumwambia asimame, na mara mbili alisikia Nesi akiimba huku anafua, akaketi tena.

Baada ya kuketi muda wa saa moja na nusu, mama aliita. Hakumwita yeyote kwa jina, alisema tu, "Jamani, nisaidieni." Walimkuta ameng'ang'ania ukingo wa meza, jasho linamtiririka, mguu wa kushoto hautaki kukanyaga.

Baba aliporudi kula mchana na kuelezwa yaliyotokea, aliitazama saa, kisha akamtazama Nesi. "Tulikuamini wewe."

"Niliitega, baba mdogo," Nesi alisema, machozi yakimlengalenga. "Labda nilikosea. Sijui."

"Kesho utarudi kwenu," alisema baba, akatoka kwenda kumwita yule mtaalamu wa mazoezi.

Kijino alikuwa amepata alichokitaka, na zaidi. Alimfuata Nesi chumbani, akamkuta anakunja nguo zake. Nesi alifuta uso kwa kiganja. "Njoo nikuonyeshe namna ya kumgeuza mama mdogo, maana kesho sitakuwepo. Usimvute mikono. Mwambie aanze na magoti. Na usimharakishe, huwa anaona haya kusema kwamba inauma."

Mtu ambaye Kijino alimchimbia shimo alikuwa anamkabidhi kazi kwa mikono miwili, tena bila kinyongo.

Alitoka akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Mtaalamu alikuwa anamkanda mguu, baba amesimama mlangoni.

"Nesi hakukosea," Kijino alisema. "Kengele niliizima mimi."

Mtaalamu ndiye aliyeanza kusema. "Bahati yenu, ni misuli iliyokaza, mshono uko salama na mguu una nguvu. Atapumzika siku mbili, kisha tuanze tena na matembezi mafupi. Lakini binti, mgongo huu haujui nani anapendwa na nani hapendwi. Ungeweza kumrudisha mama yako kwenye kisu."

Baba alifungua kinywa, lakini mama aliinua mkono kumzuia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu siku hizi unamwita yeye tu."

Mama alimshika mkono. "Ninakunywa chai yako kila siku, na sijawahi kukuuliza kama umechoka. Hilo ni kosa langu, nalo nitalirekebisha. Lakini lako ni kubwa zaidi, maana ulinyamaza mwenzio akilia. Nenda ukamwombe radhi, na umwambie kesho haondoki."

Kijino alikwenda. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekasirika," alisema hatimaye. "Lakini nguo sikunji tena."

Siku ya tatu mama alipotaka kuamka, Nesi alisimama kando, Kijino akamshika bega. "Magoti kwanza, mama. Geuka ubavu. Polepole." Mama akaketi, akavuta pumzi, akawatazama wote wawili.

"Mimi ni fundi, nawaambia nikijuacho," alisema. "Kitambaa ukimkatia huyu, yule hupungukiwa. Mapenzi hayakatwi hivyo. Mwenye wivu hudhani mwenzake amemwibia fungu lake, kumbe anajiibia mwenyewe amani, na pengine huwaumiza awapendao. Likikukera jambo, sema. Usizime kengele ya mtu."

Kisha akaweka mkono mmoja begani kwa Nesi na mwingine begani kwa Kijino, wakatoka kwenda kutembea.