Dirisha Katika Matete

Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Fundi Viti alimtoa mama yake nje. Alimshika mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na fimbo. Wakavuka uwanja, wakapita banda la kuni, wakafika ukingoni mwa kinamasi. Pale palikuwa na kiti cha mama. Fundi alikitengeneza mwenyewe: miguu ya mbao, kikalio cha matete yaliyosukwa, na mikono mipana ya kuegemea.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma yake kulianza hifadhi ya ndege. Haikuwa na ukuta wala seng'enge, vigingi vyeupe tu, na baada ya vigingi ni maji, matete na sauti za ndege.

Mama alikuja kuwaona korongo wawili, mume na mke, wenye vishungi vya manjano kichwani. Kila mwaka, mvua zikishaanza, walijenga kiota katikati ya matete, hatua mia hivi kutoka kwenye kile kiti. Mama aliwatazama hao, na waliowatangulia, tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi. Hata miaka aliihesabu kwa korongo. Mwaka wa vifaranga watatu ndio aliozaliwa Fundi. Mwaka wa kifaranga mmoja ndio aliofariki baba yake.

Mke wa Fundi alizoea kumtania mkwewe. Alisema mama akikosa kuwasalimu wale ndege, chai haimpiti kooni. Mama naye alimjibu kwamba korongo hawamwekei chumvi nyingi kwenye mboga. Wakacheka wote.

Lakini mwaka ule macho ya mama yalikuwa yanakwenda. Alikuwa amekwisha kugonga bega kwenye fremu ya mlango mara nyingi. Alimimina chai nje ya kikombe. Kitu kikiwa mbele yake alikiona, kikiwa pembeni hakukiona kabisa. Nyumbani wote walisema ni uzee. Walisema hivyo miaka miwili.

Walipompeleka kliniki ya macho, muuguzi alimpima, akampima tena. Akaeleza kuwa ni presha ya macho. Inamla mtu kimyakimya, haiumi, na sehemu iliyokwisha kuliwa hairudi. Kuna dawa ya matone inayolinda kile kilichobaki. Kwa mama, kilichobaki kilikuwa kidogo sana.

"Mngekuja mapema," muuguzi alisema. Hakusema kwa ukali. Pengine angesema kwa ukali, Fundi asingeyabeba maneno yale hadi nyumbani.

Walipofika nyumbani mama alikaa kitandani, akavua viatu, ndipo akasema.

"Mwanangu, sitaki kitu kikubwa. Mwaka huu nataka nimwone kifaranga wa korongo. Mmoja tu, akitoka chini ya mama yake. Baada ya hapo, Mungu akiyafunga haya macho, nitamshukuru."

Fundi akamwahidi kwamba atamwona.

Basi matete ya mwaka ule yakakua kuliko miaka yote. Korongo walikuwa wamekwisha kutaga, lakini kutoka kwenye kiti mama aliona manjano kidogo tu ya kishungi, mara yapo, mara hayapo. Alikunja macho, akainua shingo, akachoka. Kila siku alirudi ndani akisema labda kesho.

Fundi alikuwa akimtazama mama akirudi hivyo, na moyo ukimchoma. Kazi yake ilikuwa matete. Wakati wa kiangazi hifadhi ilimpa kibali, akakata upande wa mashariki ambako ndege hawajengi viota. Upande wa viota haukatwi mpaka makinda watembee. Sheria hiyo aliijua kama jina lake. Ila alijiambia kwamba sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu wanaobeba matete kwenda kuuza. Yeye hatabeba hata moja. Atafungua dirisha dogo tu, upana wa mlango.

Asubuhi moja mkewe alikwenda sokoni. Fundi alimkalisha mama kwenye mlango wa jiko, akampa kikombe mkononi, akamwambia anarudi sasa hivi. Akavaa mabuti ya mpira. Akachukua mundu.

Alikata vizuri, kama anavyokata siku zote, akiyalaza matete kando mstari mmoja. Alipofika nusu ya njia, korongo jike alinyoosha shingo na kutulia tuli. Fundi akafikiri ndege anamjua, kila siku anamwona. Akaendelea. Alipobakiza hatua kama kumi na tano, korongo akasimama. Akashuka kwenye kiota. Akatembea haraka, kisha akaruka. Dume akatokea upande wa pili, wakazunguka juu wakilia.

Fundi aliyaona mayai mawili, meupe yenye rangi ya buluu kwa mbali, yamelala wazi. Alifurahi. Alisema moyoni kwamba watarudi akiondoka.

Akamleta mama kwenye kiti.

"Upepo umelaza matete, mama. Leo utaona vizuri."

Mama alikaa, akaweka fimbo magotini.

Wakangoja. Korongo walitua mbali. Walitembea mpaka ukingo wa ule uwazi mpya, wakasimama, wakageuka. Walifanya hivyo mara nne. Jua likapanda. Sasa hapakuwa na tete la kutia kivuli, na jua likaingia kwenye kiota moja kwa moja. Fundi alitaka kwenda kufanya kitu, lakini hakujua kitu gani. Kila alipoinuka, ndege walirudi nyuma zaidi.

Ndipo kunguru wakaja. Walikuja wakitembea kwenye ile njia aliyoikata, kama watu walioalikwa.

"Ule weusi ni nini?" mama aliuliza.

"Ni kivuli, mama."

Mama akainamisha kichwa. Baada ya muda akaomba arudishwe ndani, akasema jua limekuwa kali.

Alasiri alikuja mfanyakazi wa hifadhi. Mtaani walimwita Bi Darubini, maana darubini haikutoka shingoni mwake. Wengine walisema hata kulala analala nayo. Alikuwa ameona korongo wakizunguka tangu asubuhi. Akaingia kwenye maji, akakaa huko muda mrefu, akatoka na tete moja mkononi. Akamwonyesha Fundi lilivyokatwa, mshazari, safi, bila nyuzi.

"Mkato huu naujua," alisema. "Viti vya ofisini kwetu vimesukwa kwa mkato huu huu. Nimeukalia miaka sita."

Fundi hakukana. Alieleza yote: muuguzi, ahadi, dirisha. Alisema hakuchukua hata tete moja.

Bi Darubini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya gogo la kuni na kumweleza taratibu. Alisema matete ndiyo ukuta wa korongo, ndiyo mlango na ndiyo paa lake. Yai likiachwa juani muda mfupi linapikwa. Likiachwa kwenye baridi linakufa. Na njia anayoikata mtu, kunguru, mbwa na paka wanaifuata hiyo hiyo.

"Alinyoosha shingo ulipomkaribia?"

"Alinyoosha. Nikadhani ananitambua."

"Alikuwa anakuambia simama hapo. Ndege akiacha alichokuwa anafanya akakutazama, umekwisha kumfikia karibu mno. Rudi nyuma. Akisimama juu ya mayai, umechelewa, ondoka kabisa na uondoke polepole. Usimfuate ndege, Fundi. Kaa mahali pamoja, umwache yeye azoee."

Fundi aliuliza kama watataga tena. Bi Darubini alitazama maji. Akasema mwaka huu hapana, mvua zimekaribia kwisha. Mwaka ujao, Mungu akipenda.

"Mama hana mwaka ujao wa macho," Fundi alisema.

Bi Darubini alimwambia tu kwamba kazi yake inamlazimu kuandika taarifa, na kibali cha Fundi cha kukata matete kitasimamishwa msimu mzima. Fundi akasema ni haki.

Msimu ule wote alitengeneza viti vya mbao tupu, na watu wakalalamika kwamba vinaumiza. Kila Jumamosi alikwenda hifadhini kujifunza. Mwanzoni alikwenda kama mtu anayelipa kosa. Baadaye alikwenda kwa kupenda mwenyewe. Alijifunza kuvaa nguo za rangi ya udongo na majani makavu, kukaa saa nzima bila kupunga mkono, na kuongea kwa sauti ya chini, maneno machache.

Halafu akaomba kujenga kibanda cha kutazamia ndege. Bi Darubini alimwonyesha mahali, ukingoni, mbali na viota kuliko hata kile kiti cha mama. Alimpa matete makavu ya upande wa mashariki. Fundi alisuka kuta nene. Mbele aliacha upenyo mwembamba, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Mlango aliuweka nyuma, na njia ya kuufikia akaizibia pande zote mbili ili mtu anayeingia asionekane. Kazi ilikwisha kabla ya mvua, ili korongo wakija wakikute kipo tayari, wasikiogope.

Alifanya haraka, kwa ajili ya mama. Lakini macho hayakumngoja. Matone alitiwa kila siku, mke wa Fundi hakukosa hata mara moja. Hata hivyo, mwezi mmoja kabla ya mvua, mama alinyoosha mkono kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake kabisa, akakikosa. Akasema kwa utulivu, "Haya, imekwisha." Mke wa Fundi alitoka nje akalia karibu na banda la kuni, asisikike.

Mvua zikaja. Korongo wakaja. Wakazunguka juu ya kinamasi siku tatu, na Fundi siku hizo tatu chakula hakikumpita kooni. Siku ya nne walishuka, wakaanza kukanyaga matete kutengeneza kiota. Hakuna aliyekwenda karibu. Yale matete yaliyokatwa yalikuwa yameota tena, huwezi kujua palikuwa na njia.

Majirani walianza kuja kibandani, wachache wachache. Muuza nyama alikuja na shati jekundu, akaambiwa ama alivue ama abaki nje. Aligeuza upande wa ndani ukawa nje, akaingia hivyo hivyo, mishono ikining'inia. Ndani alikaa kimya kuliko wote. Alipotoka alisema hakujua kama dume naye anaatamia mayai. Mke wa Fundi alimwambia akamweleze hayo mkewe.

Mwezi mmoja baada ya korongo kutaga, Bi Darubini alileta habari kwamba vifaranga wametoka, wawili. Asubuhi iliyofuata Fundi alimshika mama mkono wa kushoto. Alikuwa amekwisha kukipeleka kiti chake kibandani. Mama alikaa, akagusa ukuta, akapitisha vidole kwenye upenyo.

"Umesuka vizuri," alinong'ona.

Bi Darubini alimpa Fundi darubini. Fundi akaitazama, akaishikilia kifuani.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Mwaka jana haukuwa upepo."

"Najua."

"Nilikata mimi."

"Najua, baba. Nilikuwa mlangoni pa jiko. Pembeni sikuona, lakini mbele niliona. Nilikuona mgongo, na mundu ukipanda na kushuka. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona sawasawa duniani. Na wale kunguru niliwajua. Nani asiyemjua kunguru?"

Fundi akachuchumaa kando ya kiti.

"Ningekuita ungeacha," mama aliendelea. "Nimeishi na hao ndege miaka yote. Nilijua watakimbia. Lakini nilitaka kuona, nikanyamaza. Kila siku namwomba Mungu anisamehe kunyamaza kule. Kwa hiyo usilibebe peke yako. Nusu ni yangu."

Nje korongo mmoja alilia, na mwingine akamjibu. Mama aligeuza uso kuelekea sauti.

"Haya, niambie. Wanafanya nini?"

Fundi aliweka darubini machoni. Alitamani sana kumwambia kwamba vifaranga wamekuja karibu, kwamba wako hapa hapa mbele ya upenyo. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Jike amesimama majini. Mmoja yuko chini ya bawa, kichwa tu kiko nje. Mwingine anamfuata dume. Ana rangi ya mchanga. Anaanguka, anainuka. Lakini wako mbali, mama."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali sana. Hata macho yao siyaoni."

"Vizuri," mama akasema, akakunja mikono juu ya fimbo. "Waache hapo hapo."