Makala ya Chawa

Hakuna anayesimulia kwa ufupi kumshinda bibi anayesimulia hadithi hii. Wajukuu husinzia kabla hajafika katikati, lakini hilo ni kosa la wajukuu.

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi walikusanyika maktabani kuandika ensaiklopidia ya shule kwenye kompyuta. Yeyote aliruhusiwa kuongeza au kusahihisha. Makala changa ilibandikwa alama ya "mbegu", na mwandishi hakuruhusiwa kujiondolea mwenyewe. Mwenzake aliisoma yote, akaamua kama mtu asiyejua lolote angetoka na la kutosha. Iliyokomaa ilipanda ukurasa wa mbele, wazazi wote waione.

Zamu ya kupima ikamwangukia Kidoti, na makala ikawa ya binamu yake, Mashavu: "Chawa wa Kichwani". Ilieleza chawa ni nini, wanaishije na wanatolewaje. Hata picha ilikuwamo! Roho ikamuuma Kidoti. Makala yake mwenyewe, "Paka", ilikuwa na sentensi tatu, na ya tatu ilisema paka wa kwao ni mwizi wa maziwa.

"Bado mbegu," akasema.

"Imepungukiwa nini?"

"Haina uzito."

Mashavu akaongeza kwamba chawa huhama vichwa vinapogusana. Alhamisi iliyofuata, Kidoti akasema, "Bado." Mashavu akaongeza kwamba hata nywele safi hupata chawa. "Bado!"

"Dada, unataka nikawahoji chawa wenyewe?"

Wenzao wakaangua kicheko. Kidoti hakucheka, hata kicheko kile alikionea wivu.

Safari iliyofuata Kidoti alikuja nywele zikimeremeta mafuta, na mdogo wake wa kike nyuma, akisubiri waende nyumbani pamoja. Mkutubi, ambaye wote walimwita Mwalimu, akavuta kiti.

"Mwanangu, makala hii ina kasoro gani?"

"Haimsaidii mtu, Mwalimu. Mimi mwenyewe niliisoma, sikutoka na kitu."

Mdogo wake akaanza kujikuna. Kidoti akamgeukia bila kufikiri.

"Acha kujikuna! Jioni nitakupaka tena mafuta, nikuchane kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana, kuanzia kwenye ngozi. Mara moja haitoshi, mayai yaliyobaki huanguliwa."

Maneno yale yalitoka kwenye makala ya Mashavu, hayakupungua hata moja.

"Basi imekomaa," Mkutubi akasema taratibu. "Makala haikomai kwa kurefuka, mwanangu, wala kwa kumpendeza anayeipima. Inakomaa pale mwenye shida anapoisoma akajua la kufanya. Ukipewa kazi ya mwenzako, pima kazi. Usipime wivu wako."

Kidoti akainama, akashika kipanya, akaing'oa alama ya mbegu.

"Asante, dada," Mashavu akasema. "Kumbe kitana kilikufaa!"

"Kinifae mimi? Nilimchana huyu mtoto tu. Mimi sijapata chawa tangu nizaliwe."

Mdogo wake akainua macho, mkono ungali kichwani.

"Lakini dada, si wewe uliyeniambukiza?"