Walisema Nimemwekea Mume Wangu Karuho

Nina miaka thelathini na minne, ni mjane, naishi Kisangani. Kwetu ni wavuvi wa maporomoko ya mto Kongo. Marehemu mume wangu, Kambale, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, na ndugu zake hawakunipenda tangu siku ya posa.

Mwaka juzi Kambale alianza kuchoka ovyo. Akakonda, macho yakawa ya njano, tumbo likavimba... Nikamwambia twende hospitali. Mdogo wake, Muhindo, tuliyekaa naye nyumba moja, akakataa katakata. Hiyo ni karuho, alisema, ile sumu ya polepole inayotiwa kwenye chakula. Na nani anayempikia? Mimi!

Jamani, mnajua kuishi na watu wanaochungulia kila chungu chako? Kila nilipoleta samaki, Muhindo alinisimamisha mlangoni.

"Belle-sœur, shemeji, onja kwanza, tuone."

Nilionja, nikala sahani moja na mume wangu. Sikuugua. Hilo likanitia hatiani zaidi! "Iko na dawa yake ya kujikinga," walinong'ona ndugu za mume wangu. Muhindo mwenyewe hakugusa chakula changu, alikula kwa dada yake. Nami nikaanza kumshuku. Mbona anang'ang'ania hivyo? Analitaka duka la kaka yake?

Wakampeleka kwa mganga wa kutoa karuho. Akanyweshwa majani ya kutapisha, wiki baada ya wiki. Alipotapika damu ndipo walipokubali hospitali. Tulichelewa...

Daktari alituita, mimi na Muhindo.

"Mama, hii haiko karuho. Iko hepatite B, virusi ya mu damu. Inakula maini yake tangu zamani."

Akatueleza kwamba hepatite, yaani homa ya ini, si ya aina moja. A na E hupitia maji na chakula kichafu. B na C hupitia damu, kama wembe au sindano ya kushirikiana. B hupitia pia tendo la ndoa, na mama huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua. D humpata mwenye B tu. Kula sahani moja hakuambukizi B. Akataka nyumba nzima tupimwe.

Kambale alifariki wiki hiyo. Msibani walinitemea mate!

Mimi na watoto tulipimwa, hatukuwa nayo, tukachanjwa. Muhindo alinifokea: "Miye nipime nini? Sikukulaka samaki yako!"

Miezi ikapita, akaenda kupima kwa siri, lakini habari zikanifikia... Anayo! Yeye ambaye hakuwahi kuonja hata mchuzi wangu! Daktari anadhani waliipata kwa mama yao, walipozaliwa. Mama huyo naye alikufa tumbo limevimba, na jirani yake akafukuzwa mtaani kwa kushukiwa karuho.

Muhindo yuko hai, anafuatiliwa hospitalini. Radhi hajaniomba.

Wenzangu, mkiona macho ya njano, msianze kumtazama aliyepika. Pimeni damu! Pimeni hata kama hamjisikii vibaya, maana B na C hukaa kimya miaka mingi. Watoto wachanjwe mara tu wazaliwapo. Kambale angepimwa mapema, huenda watoto wangu wangekuwa na baba leo.