Zamu ya Kunyamaza

Chombo chenyewe kilitoshana na sufuria ya ubwabwa, na kilimjua Mzee Mkude kuliko daktari wake. Kila alipokaa mbele yake, kilimtupia mlio mdogo usiosikika, kikapima namna ulivyorudi kutoka masikioni mwake, kisha kikaufinyanga muziki upya: sauti zilizompotea kikazisogeza, zilizomuumiza kikazilainisha. Ndiyo maana kiliitwa kifinyanga-sauti.

Mzee alikuwa amepuliza tarumbeta maisha yake yote katika bendi za dansi za Morogoro, na tarumbeta ikamharibia masikio. Mazungumzo aliyasikia, lakini muziki ulimfikia kama mvua juu ya bati. Alitoa kiwanja kizima cha Kihonda ili akipate chombo hicho.

Sasa Mvumo, kampuni iliyokiunda, ilikuwa imefilisika. Kila Jumamosi vifinyanga-sauti vyote viliomba kibali cha kupiga muziki kwa Ubongo Mkuu, kompyuta kuu ya kampuni, na mfilisi alikwisha kutangaza kwamba ungezimwa.

"Kwa hiyo kitakufa?" mzee alimuuliza binti yake, Zamoyoni.

"Hakifi, baba. Kitanyamaza tu."

"Kwangu ni yale yale, mwanangu."

Zamoyoni alikuwa mhandisi wa roboti za kumwagilia mpunga. Roboti hizo hazikuwa na bosi; ziliongozana kwa zamu, kama akina mama wanaocheza upatu. Akawaza: kifinyanga-sauti kimoja kikishika nafasi ya Ubongo Mkuu kwa wiki, kisha kingine wiki inayofuata, vilivyobaki vyote vitapata kibali. Tatizo ni kwamba kinachotoa kibali hakiwezi kupiga muziki.

Alimwandikia mfilisi. Jibu likaja: programu ya Ubongo Mkuu haikupata mnunuzi, wenye vyombo wanaweza kuichukua, mradi wakubaliane wote.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Zamoyoni hata muuza vocha alimwonea haya, na sasa ilimbidi agonge milango ya watu. Alianza na jengo lao wenyewe, kwa Jaji mstaafu Semindu wa ghorofa ya juu.

"Binti, nilikinunua chombo hiki ili nisiwasikie majirani," alisema jaji. "Leo unaniletea majirani?"

"Basi Jumamosi utawasikia majirani tu, bila muziki, mheshimiwa," Zamoyoni alijikuta akijibu, akatamani ardhi immeze.

Jaji alicheka mpaka akashika mlango. "Ingia, ingia. Kumbe una mdomo!"

Wenye vyombo wote wa mjini wakakutana sebuleni kwa jaji. Katika upatu watu hugombea zamu ya kwanza. Hawa waligombea ya mwisho. Mmoja alikuwa na wageni, mwingine na arusi. Ikaonekana mpango utavunjika palepale.

"Changu kianze," Mzee Mkude alisema.

Zamoyoni alimshika mkono. "Baba, wewe ndiye…"

"Nimesema kianze."

Jumamosi ilipofika, vyombo vyote mjini viliimba, isipokuwa chao. Mzee aliketi akikitazama. Kabla ya saa sita mchana mlango ukagongwa. Alikuwa jaji, ametokwa jasho.

"Mkude, panda juu tusikilize wote. Lakini nimejaribu kukiandikisha jina lako, chombo changu kinakukataa. Kinadai kinamjua mtu mmoja tu."

Zamoyoni alikifungua. Kilikuwa na midomo thelathini ya kutolea sauti, yote ikiwa imeelekezwa kwa mtu mmoja. Akaigawa nusu kwa nusu.

Muziki ulipoanza, mzee alifumba macho. Halafu akayafumbua.

"Hapo wamekimbiza mdundo!"

"Hawajakimbiza," alisema jaji.

"Wewe umehukumu wezi wa kuku, muziki unaujulia wapi?"

"Na hiyo ni tarumbeta, au mbuzi kakanyagwa?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Zamoyoni alimtazama baba yake akipiga meza kwa furaha, moyo ukamchoma kidogo. Miaka yote ile chombo kilimrudishia muziki, lakini hakikuwahi kumpa mtu wa kubishana naye, na yeye binti hakuliona hilo.

Zamu yao ilipokwisha, aliinama ili akirudishe chombo cha jaji kwenye masikio ya mtu mmoja.

"Acha hivyo hivyo," mzee alisema. "Na tuongezee nafasi. Mama wa ghorofa ya pili naye anakuja, anasema sote wawili hatujui kitu."